Tudi Atasimama Mlango Gani

Katika miaka kumi na minne ya kuendesha baiskeli kwa mshahara, Tudi Cariou alishika nafasi ya pili mara thelathini na nane. Kushinda, hakushinda hata mara moja. Na Ufaransa nzima ilimpenda kwa hilo hilo. Washindi walipigiwa makofi ya adabu, kama wanavyopigiwa wakuu wa mkoa wakija kukata utepe. Tudi akipita, wanaume wenye masharubu walitoa leso. Mwezi wa nane, Tour, yale mashindano makubwa ya kuizunguka Ufaransa, yakishakwisha, vijiji viligombania kumwalika kwenye mbio za kuzunguka kanisa, na vilimlipa faranga nyingi kuliko huyo aliyemshinda. Mshindi mmoja aliwahi kulalamika hadharani kwamba amesimama juu jukwaani, lakini kelele zote zinamwendea mtu aliye chini yake.

Sisi watu wa Kerlaouen, kijiji alikozaliwa, tulijua siri yake, nayo haikuwa siri ya miguu. Miguu alikuwa nayo. Tudi hakuweza kumkatalia mtu. Mwenzake akimwambia mita mia mbili kabla ya mwisho, "Niachie leo, mke wangu kajifungua," Tudi aliacha. Nadhani wake wa wenzake walijifungua kila wiki.

Mwaka ule, kwa mara ya kwanza tangu dunia iumbwe, Tour ilipangwa kupita Kerlaouen. Ingeingia kwa chini, pale kanisani, ilipo baa ya mama yake, Herveline Cariou. Kisha ingepanda kilima na kutokea juu, mbele ya nyumba yenye madirisha ya buluu, anapoishi mkewe Anaig na binti yao Lena, wa miaka minne. Kutoka baa hadi madirisha ya buluu ni mita mia tisa, na kwa miaka sita hakuna mwanamke kati ya hao wawili aliyeutembea mwendo huo kwenda kwa mwenzake.

Waendesha baiskeli wana desturi yao, nzuri kuliko nyingi. Mbio zikipita kwenu, kundi zima linapunguza mwendo na kukuruhusu utangulie dakika mbili. Unafika nyumbani, unashuka, unambusu unayembusu, kundi likifika unaingia ndani yake na safari inaendelea. Ole wako ukiutumia mwanya huo kutoroka na kushinda; hakuna atakayekusalimu tena mpaka uzeeke. Na ruhusa ni ya kusimama mara moja tu.

Mara moja. Na milango ilikuwa miwili.

*

Anaig alizipata habari kwenye foleni ya bucha. Alikuwa wa nne, nyuma ya wanawake watatu ambao walinyamaza ghafla alipoingia, na hapo akajua kuna jambo.

Mwenye bucha, Job Le Hir, ndiye mwenyekiti wa chama cha mashabiki wa Tudi. Kwenye ukuta wake, kati ya soseji na bei za maini, kulikuwa na picha kumi na moja za Tudi akiwa wa pili.

"Karibu, Bi Cariou!" Job alipaza sauti kuliko ilivyohitajika. "Hongera! Miaka miwili mingine!"

"Miaka miwili ya nini?"

Job akaangalia kisu chake. Wanawake watatu wakaangalia maini.

"Ya mkataba," akasema taratibu. "Meneja wa timu ameuleta. Kwa posta. Uko baa, kwa mama. Nilidhani... Yaani, mama anasema Tudi atausaini siku ya Tour, pale pale kwenye lami, televisheni ikimwona. Kalamu tumeshanunua. Ya wino kabisa."

Barua za Tudi bado zilikwenda baa. Alioa, akajenga, akazaa, lakini anwani hakubadilisha; kila alipotaka kufanya hivyo, mama yake alisema, "Kwa nini, mwanangu, nimekukosea nini?" na mambo yakaishia hapo. Kwa hiyo mkewe alisubiri habari za mumewe kwenye bucha, kama watu wengine wote wa kijiji.

"Nipe nusu kilo ya nyama ya kusaga," Anaig akasema.

"Ninaongeza na soseji, zawadi ya chama."

"Sitaki zawadi ya chama, Bwana Job. Nyama ya kusaga. Nusu kilo."

Alilipa, akachukua chenji yake, akatoka akiwa ameinua kichwa. Nilikuwa ng'ambo ya barabara nikamwona alipofika kwenye kona ya shule: akasimama, akauweka mfuko chini, akaupiga teke ukuta wa shule.

*

Tudi alipiga simu jioni, kabla ya chakula cha hotelini, kama kawaida.

"Umesikia kuhusu mkataba," akasema.

"Nimesikia. Na maini yamesikia."

"Anaig, nilitaka kukwambia mwenyewe."

"Lini? Ukistaafu?"

Upande wa pili kulisikika uma na sahani. Waendesha baiskeli wakila tambi, hata meza hutaabika.

"Ni miaka miwili tu," Tudi akasema. "Nina thelathini na tano. Baada ya hapo nani ataniita? Wananipenda sasa."

"Sikwambii usaini, sikwambii usisaini," Anaig akasema. "Mimi siolewi nawe upya. Ila nikwambie kitu kimoja. Jana Lena aliulizwa shuleni baba yake anafanya kazi gani. Unajua alijibu nini? Alisema, 'Anapita.'"

Tudi hakucheka. Anaig naye hakuwa amesema ili acheke.

"Siku hiyo nitakuwa mlangoni na mtoto," akaendelea. "Ukisimama kwetu, nitajua unarudi nyumbani. Ukisimama baa, nitajua umesaini. Sitauliza swali."

"Nitasimama kwako," Tudi akasema. "Naapa."

Na aliapa kwa moyo wake wote, masikini. Kisha akakata simu, akaweka sarafu nyingine, akampigia mama yake.

"Mwanangu!" Herveline akasema, na nyuma yake baa nzima ikashangilia. "Nimepaka mlango rangi. Job ameleta maua. Mwandishi wa gazeti amekuja na amekula bure. Nimewaambia wote utasimama kwangu. Utasimama, sivyo? Au unataka mama yako achekwe mbele ya Ufaransa?"

"Nitasimama, mama."

"Kwangu?"

"Kwako."

Hivyo ndivyo mtu anavyokuwa wa pili mara thelathini na nane.

*

Siku yenyewe ilipambazuka na jua, jambo ambalo kwetu huwafanya watu washuku. Kufikia saa nne asubuhi hapakuwa na nafasi ya kuweka kiti kuanzia kanisani hadi makaburini. Herveline alivaa gauni jeusi la sikukuu na bangili zote. Mbele ya baa alitandika meza kwa kitambaa cheupe, na juu yake keki ya siagi, glasi ya sida, ile pombe ya matofaa, mkataba na kalamu ya wino. Job alisimama pembeni kama shahidi wa harusi.

Kilomita sita nje ya kijiji, Tudi alisogea mbele ya kundi mpaka kwa Vandevoort, Mbelgiji mwenye shingo nene ambaye hakuchaguliwa na mtu kuwa mkubwa wa kundi, ila hakuna aliyekuwa na hamu ya kumbishia.

"Kwetu ni hapo," Tudi akasema.

"Najua. Tangu asubuhi nasoma jina lako kwenye lami. Wameandika mpaka kwenye ng'ombe." Kweli, Job alikuwa ameandika kwenye ng'ombe. "Nenda. Dakika mbili."

"Vandevoort, nikisimama mara mbili je? Kidogo kidogo?"

"Sisi ni matarishi? Mara moja, Tudi. Upepo wa bahari ukianza baada ya kilima, watu wataenda kasi, na mimi sisubiri mtu. Chagua mlango."

Tudi akatangulia. Alipoona mnara wa kanisa alikuwa na mpango mzuri sana: atampungia mama mkono, atapiga busu la hewani, atapanda moja kwa moja kwa Anaig. Mpango ulidumu mpaka kwenye kona.

Barabara ilikuwa imezibwa. Si kwa ubaya, kwa mapenzi. Kulikuwa na watu wazima, mbwa, watawa wawili, bendi ya zimamoto, na katikati Herveline amefungua mikono. Angempita vipi? Angemgonga mama yake mzazi mbele ya helikopta ya televisheni?

Akashuka. Mama akambusu, shangazi wakambusu, watawa wakambusu. Mtu akamtia keki mdomoni. Mikono ikajaa mbele yake: kofia, leso, kadi, mkono uliofungwa plasta. "Tudi, niandikie! Tudi, na mimi! Tudi, mama yangu mgonjwa!" Akaandika. Miaka kumi na minne mkono wake ulifanya kazi hiyo bila kumuuliza: jina la mwenye karatasi, salamu, sahihi, mwingine.

"Na hapa, mwanangu," akasikia sauti ya mama. Job alikuwa amemshikia karatasi. Tudi akasaini. Watu wakapiga kelele mpaka njiwa wakahama kanisa.

"Cariou!" Vandevoort akanguruma. Kundi lilikuwa limefika, baiskeli mia moja na sitini. "Muda!"

Tudi akaruka juu ya baiskeli, keki bado shavuni, akamezwa na kundi. Ndipo, kwenye mita za kwanza za kilima, alipoelewa alichofanya. Alikuwa amechagua mlango. Hakukumbuka kuchagua, lakini ilikuwa imekwisha.

*

Juu, Anaig alisikia zile kelele. Alijua kelele za kijiji chake. Hizo hazikuwa za mtu anayepita.

Akabaki mlangoni. Ndani alikuwa amekaanga chapati za maji za ngano nyeusi, rundo zima, kama mjinga, na sasa zilipoa chini ya kitambaa. Alijisemea kwamba hatalia, kwa kuwa jirani alikuwa na kamera. Kisha kundi likatokea, zima, rangi zote, bila mtu aliyetangulia, naye akasema kwa sauti, "Haya. Basi."

Lena hakuwa na habari. Lena alikuwa kazini. Tangu asubuhi watoto wa kilimani walimfundisha kwamba waendesha baiskeli hutupa chupa za maji, na ukipiga kelele vizuri unapata ya kwako. Alisimama ukingoni mwa nyasi, mkono mbele, akipigia kelele kila aliyepita bila ubaguzi.

"Bwana! Chupa! Bwana, chupa!"

Tudi alikuwa pembeni mwa kundi, upande wa nyasi. Alikuwa ameazimia asitazame mlango. Akaitazama lami, jina lake mwenyewe likipita chini ya gurudumu, Tudi, Tudi, Tudi. Akasikia sauti ndogo. Akainua macho. Lena akamtazama usoni, kabisa kabisa, umbali wa mkono.

"Bwana! Chupa!"

Na macho ya mtoto yakahamia kwa mwendesha baiskeli wa nyuma yake.

Aliyekuwa nyuma alitukana Kihispania, maana Tudi alishika breki bila onyo. Vandevoort akageuka. "Cariou! Nilisema mara moja!" Lakini kundi haliwezi kusimama kilimani kwa ajili ya mtu mmoja. Likapita, yakapita magari ya timu, zikapita pikipiki, na barabarani akabaki mwanamume mmoja mwenye vumbi usoni, ameishika chupa.

Akapiga magoti kwenye nyasi.

"Shika."

"Asante, bwana," Lena akasema, maana mama yake alimlea vizuri.

"Lena, mimi ni baba."

Lena akamkagua: kofia, miwani, vumbi, siagi kidevuni. Hakutaka kumvunja moyo.

"Baba yuko kwenye televisheni," akamweleza kwa upole.

Mimi nilikuwepo, na nasema waziwazi: iliniuma. Jirani mwenye kamera aliishusha. Tudi akavua kofia, akavua miwani, akangoja. Mtoto alikuwa ameshaanza kufungua kizibo cha chupa.

"Ametaka chupa, umempa," Anaig akasema kutoka mlangoni. "Nenda sasa. Utachelewa."

"Nimesaini, Anaig."

"Nimesikia. Hata viziwi wamesikia. Nenda."

"Nina njaa," Tudi akasema.

Hakuenda. Aliegemeza baiskeli ukutani, chini ya madirisha ya buluu, akakaa kwenye kizingiti. Anaig aliingia ndani, akarudi na sahani. Tudi alikula chapati sita zilizopoa, machozi yakimtoka waziwazi, na hakuna kamera hata moja iliyomwona.

Gari la mwisho, lile linalookota waliochoka, likasimama mbele ya nyumba. Dereva akapiga honi.

"Cariou! Unapanda au hupandi?"

"Ninakula."

"Naona unakula! Nakuuliza unapanda?"

"Sipandi gari. Nitafika mwenyewe."

Dereva akatazama saa, akatazama sahani. "Basi niongezee na mimi moja," akasema, na Anaig akampa.

*

Tudi aliendesha kilomita tisini peke yake dhidi ya upepo wa bahari, na yule dereva nyuma yake akitafuna. Alifika nje ya muda kwa dakika tano na kitu. Kanuni ni kanuni. Ukizidi muda unatolewa kwenye mashindano, uwe nani. Ila watu walikuwa hawajaondoka. Mshindi wa siku hiyo alikuwa ameshaoga na kusahaulika. Tudi alipotokea mwisho wa barabara, wa mwisho kabisa, walimpigia kelele ambazo nafasi ya pili haikuwahi kumpa.

Wakati huo, baani, Herveline alikuwa ameomba kimya ausome mkataba kwa sauti. Alivaa miwani. Akasoma majina, masharti, akafika kwenye sahihi. Akamkabidhi Job.

Kwenye mstari wa kusaini, kwa wino mzuri, mwanawe alikuwa ameandika: *Kwa Job na familia, kwa mapenzi mengi. Tudi.*

"Ameandika kwa mazoea," Job akasema, masikio yamekuwa mekundu. "Mimi ndiye niliyeshika karatasi."

Baa yote ilicheka, hata watawa. Herveline hakucheka. Alikuwa ameahidi televisheni, amekula kiapo kwa mwandishi wa gazeti, amenunua kalamu. Akaketi mbele ya keki iliyobaki na bangili zake zote.

"Hakujua hata anasaini nini," akasema mwishowe. "Na mimi nilijua hajui."

Meneja alipiga simu hotelini jioni ile. Alisema hakuna tatizo, watatuma nakala nyingine, kijana atapumzika, atasaini wiki ijayo. Tudi alikuwa amekaa kitandani na soksi mguu mmoja.

"Hapana," akasema.

Meneja akauliza, "Naongea na nani hapo?"

*

Kesho yake alasiri Job alikwenda kumchukua kwa gari la bucha. Njia nzima, anasema, Tudi aliuliza mambo ya kipuuzi: Lena analala saa ngapi, anakula samaki, anaogopa mbwa? Job hakujua, yeye alijua nafasi zote thelathini na nane na tarehe zake.

Wakati wao wako njiani, Herveline alifunga baa mchana kweupe, akachukua bati la biskuti kutoka chini ya kaunta, akapanda kilima. Tulimtazama kupitia madirishani. Mita mia tisa zilimchukua robo saa. Anaig alifungua mlango akiwa na unga mpaka kwenye viwiko.

"Mama?"

"Barua zake," Herveline akasema, akimsukumia bati kifuani. "Za miaka sita. Nyingine sikuzifungua. Nyingine nilizifungua. Wewe nenda posta wabadilishe anwani. Mimi nikienda nitalia kaunta."

"Ingia, mama, ukae."

"Sikai. Nimekuja tu." Lakini aliingia, akakaa, akavua bangili, akaosha mikono, na alipoona jinsi Anaig anavyokoroga unga, akasema unataka chumvi zaidi. Anaig akamwambia hautaki. Wakaendelea hivyo.

Ndipo honi ya gari la bucha iliposikika, na hatua kwenye changarawe, na mtu akabisha hodi. Hakuwa na ufunguo. Alikuwa hajawahi kuhitaji.

Lena alikimbia, akafungua kidogo, akachungulia kwenye upenyo, chupa yake kwapani. Akageuka nyuma kwa furaha.

"Mama! Yule bwana wa chupa amerudi!"

Anaig hakuacha kukoroga.

"Mfungulie," akasema. "Anakaa hapa."